Kuwamba Picha

Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora mjini Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vibao vya mraba vya mbao iliyoshindiliwa, na rangi za kupakia baiskeli. Kibao hakiwambwi. Baada ya kufariki kwake mwaka 1972, wafuasi wake walizidi kutumia kitambaa, kwa kuwa msafiri aweza kukiviringa na kukichukua.

Kwa kazi hii neno lilikuwapo tangu zamani: kuwamba, kama iwambwavyo ngoma au kitanda. Methali husema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mwamba picha hana ruhusa hiyo: huanza msumari katikati ya kila upande, huvuta pande zielekeanazo kwa nguvu sawa, na pembe humalizia. Avutiaye kwake huipinda picha. Na iliyoviringwa huwambwa tena ugenini, kwa mkono usiomjua mchoraji.