Joka la Karatasi la Iwami

Kinyago cha Iwami huzaliwa kwa udongo, na udongo huo hatimaye huvunjwa. Fundi hufinyanga sura ya shetani au ya mungu, huiacha ikauke, kisha huibandika vipande vya karatasi, tabaka juu ya tabaka, kwa gundi iliyochanganywa na maji makali ya matunda mabichi ya kaki. Karatasi ikishakamata, fundi huchukua nyundo na kuupasua ule udongo wa ndani. Kinachobaki mkononi ni ganda tupu, jepesi, ambalo mchezaji atalivaa huku akizunguka kama pia.

Iwami ni upande wa magharibi wa mkoa wa Shimane, huko Japani, mahali ambapo milima inakaribia kuingia baharini. Ngoma yao huitwa kagura. Huchezwa kwenye madhabahu ya Kishinto baada ya mavuno ya mpunga, tangu giza linapoingia hadi alfajiri, ili miungu ishukuriwe na iburudike. Zamani ilikuwa kazi ya makuhani, na mwendo wake ulikuwa wa taratibu.

Mambo yakageuka katika enzi ya Meiji. Serikali mpya iliyoshika hatamu mwaka 1868 iliutwaa Ushinto na kuufanya jambo la dola, kisha ikawapiga marufuku makuhani kucheza. Ngoma ingeweza kufia hapo hapo. Wakulima na wavuvi wakaidaka, na kwa kuwa hawakuwa makuhani, hawakuona sababu ya kwenda polepole. Mapigo yakaharakishwa, filimbi na matoazi vikapamba moto, mavazi yakadariziwa nyuzi za dhahabu. Vinyago vizito vya mbao vilianza kuwa kero kwa mtu anayerukaruka, ndipo vya karatasi vikapata soko.

Karatasi yenyewe ilikuwa pale pale. Huitwa Sekishu washi, nayo hutengenezwa kwa maganda ya mforsadi wa karatasi, na mafundi wa huku hawaikwangui yote ile ngozi laini ya kijani iliyo chini ya gamba la nje. Ndiyo inayoipa karatasi ugumu wake. Husimuliwa kwamba wafanyabiashara wa Osaka, moto ukizuka, walivitupa vitabu vyao vya hesabu kisimani, wakaja kuviopoa baadaye vikiwa vizima. Mwishoni mwa karne ya 19 kaya zilizotengeneza karatasi hiyo zilihesabiwa kwa maelfu. Leo karakana zilizobaki ni za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, ingawa UNESCO iliitambua kazi yao mwaka 2009. Heshima ni kitu kizuri, lakini fundi anahitaji mteja, na mmoja wa wateja hao ni joka.

Hadithi yake imo katika Kojiki, kitabu cha mwaka 712: mungu Susanoo analilewesha kwa pombe joka lenye vichwa 8 na kumwokoa binti aliyekuwa aliwe. Huko Iwami kila kichwa huwa joka zima, na mwili wake ni pingili za mianzi zilizovishwa washi, urefu wa mita 17 hivi, unaokunjana na kukunjuka kama taa ya karatasi. Ndani yake yumo mtu mmoja tu. Ndiye anayelizungusha, kulikunja na kulifanya liteme moshi. Kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka mwaka 1970 lilipelekwa kundi zima la majoka, na tangu hapo watazamaji hawajaridhika na joka moja.

Mwaka 1992 Japani ilitunga sheria ya kuzitumia ngoma za kienyeji kuvutia watalii. Wataalamu wa mila walinung'unika kwamba ibada itageuzwa maonyesho. Hofu yao haikuwa ya bure, ila kwa Iwami ilichelewa kama miaka 120, maana ngoma ile ilishabadilishwa na wenyewe, tena kwa furaha. Sasa vipo vikundi zaidi ya 100, na wageni wa hoteli za chemchemi za maji moto huweza kuitazama kwa saa moja bila kukesha.

Tatizo lililobaki ni la watu. Shimane ilikuwa na wakazi wapatao 929,000 mwaka 1955. Sensa ya mwaka 2020 ilikuta 671,000 hivi. Wachezaji ni waajiriwa wa kawaida, wengine wa ofisi za manispaa, wengine wa bandarini, wanaofanya mazoezi usiku baada ya kazi. Kwa vijana wengine, ngoma ni sababu mojawapo ya kutohamia mjini. Watoto huanza na matoazi, kisha kupiga ngoma, na joka huja baadaye, mwili ukishapata nguvu. Joka la vichwa 8, likichezwa kamili, hutaka watu 8 ndani ya karatasi, bila kumhesabu Susanoo, binti, wazazi wake na wapiga vyombo. Penye upungufu, huletwa joka pungufu, au mtu huombwa kijiji cha pili.