Kabla ya MEWAKA Kulikuwa na Ofisi ya Walimu

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuazimia kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri wa kwenda shule awe darasani. Azimio lilikuwa zuri, lakini hesabu yake ilikuwa ngumu. Vyuo vya ualimu vilivyokuwepo visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa miaka mitatu, hata vingefundisha usiku na mchana. Kwa hiyo mwaka 1976 Serikali ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapa madarasa ya chini wafundishe, na papo hapo ikaanza kuwafundisha ualimu.

Mpango ule ulichukua miaka mitatu. Sehemu ya siku kijana alikuwa mbele ya watoto, na sehemu nyingine alikuwa mwanafunzi. Alisoma vijitabu vya elimu kwa njia ya posta, akasikiliza vipindi vya redio, akakutana na mkufunzi katika kituo cha karibu. Mwishoni alikwenda chuoni kwa wiki sita, akafanya mtihani, akahitimu. Walihitimu zaidi ya 35,000. Watu wakawapa jina la kejeli. UPE, kifupisho cha Kiingereza cha Elimu ya Msingi kwa Wote, wakaigeuza kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Jina hilo limedumu kuliko mpango wenyewe. Wazazi wangu bado wanalitumia.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya umahiri, na utafiti wangu unahusu historia ya ualimu. Kuna swali ambalo sikulipata likiulizwa sawasawa katika vitabu nilivyopewa kusoma. Vijitabu, redio na wiki sita haviwezi kumfanya mtu awe mwalimu, lakini shule hazikufungwa. Watoto walijifunza kusoma, wengine wakawa madaktari, wengine wakawa hao wanaobeza. Nani basi aliwafundisha wale vijana sehemu iliyobaki?

Jibu nililitafuta Chanika. Chanika iko pembezoni mwa Dar es Salaam, upande wa Ilala, na kuna sababu ya mwanahistoria kuipenda barabara ya kwenda huko. Ukipanda daladala Gongo la Mboto utapita Pugu Kajiungeni, pale inapochepuka njia ya Kisarawe. Jirani na hapo iko Shule ya Sekondari Pugu, zamani Chuo cha Mtakatifu Francis, ambako Julius Nyerere alifundisha hadi alipojiuzulu Machi 1955 ili aiongoze TANU. Jina la Mwalimu alilipata kwa kazi hiyo, na hakuliacha hata alipokuwa Ikulu. Kila anayeandika historia ya elimu sehemu hizi hushawishika kushuka hapo, kwa sababu kumbukumbu zipo, picha zipo, na shujaa yupo.

Ukibaki kwenye gari, unafika kwenye historia nyingine isiyo na picha. Ni historia ya shule za kata. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulianza mwaka 2004. Mwaka huo nchi ilikuwa na shule za sekondari 1,291. Mwaka 2009 zilikuwa 4,102. Wananchi walichangishwa fedha, mchanga na nguvu zao. Madarasa yakajengwa mengine bila sakafu. Na hesabu ya Musoma ikarudi vilevile: majengo yalitangulia, walimu wakafuata. Safari hii waliochukuliwa ni vijana waliomaliza kidato cha sita. Walipewa mafunzo ya wiki chache, wakapewa leseni ya kufundisha, wakapelekwa. Nao hawakukosa jina. Waliitwa "voda fasta", kama ile huduma ya kuongeza salio la simu kwa haraka.

Mmoja wao nilimkuta katika ofisi ya walimu ya shule moja ya kata huko Chanika. Sasa yuko katika miaka ya arobaini, amejiendeleza hadi shahada, anafundisha Hisabati, na walimu wote, hata mkuu wa shule, humwita Madam bila kutaja jina. Nilipofika alikuwa anamweleza mwalimu mgeni, kijana aliyetoka chuo kikuu, namna ya kufundisha namba hasi kwa kidato cha kwanza. Kijana alikuwa ameandika kanuni ubaoni vizuri kabisa: kutoa hasi ni sawa na kujumlisha. Darasa lenye wanafunzi zaidi ya 80 liliinakili kanuni, na jaribio likaonyesha kwamba wengi walibaki na wino tu kwenye daftari.

"Waambie wana deni dukani kwa Mangi," Madam alimwambia. "Mtoto amekopa sukari ya shilingi 500. Hana kitu mfukoni, kwa hiyo yuko hasi 500. Mangi akisema nimekusamehe 200, amefanya nini? Ameondoa deni. Ukimwondolea mtu deni umemwongezea. Amebaki na hasi 300. Halafu sasa ndiyo uwaandikie ile kanuni yako kwa Kiingereza."

Kijana alicheka, kisha akaandika. Mwalimu wa Jiografia aliyekuwa anasahihisha daftari kwenye meza ya pili aliinua kichwa akasema kwamba mfano huo unafaa hata kwa nyuzi joto chini ya sifuri, ila mtoto wa Chanika hajawahi kuona barafu nje ya friji, deni anaona kila siku. Mazungumzo yote yalichukua dakika kumi. Kengele ikalia, wakatawanyika.

Nilimuuliza Madam mfano ule aliutoa chuo gani. "Chuo gani, mdogo wangu?" alisema. Alinieleza kwamba mwaka 2006, alipopangiwa kazi, shule yao ilikuwa haijamaliza majengo, wakaazima vyumba viwili katika shule ya msingi. Walimu wa shule zote mbili walikaa ofisi moja. Humo alikuwemo mzee aliyekuwa anafundisha Hisabati darasa la sita na la saba. Mzee huyo alimsikia binti wa miaka ishirini akilia kimyakimya baada ya kipindi, akamvutia kiti. Hakumfundisha Hisabati, kwani Hisabati binti alikuwa anaijua. Alimfundisha wapi mtoto hukwama na kwa nini. Deni la dukani lilikuwa lake. Na mzee huyo, Madam alisema, alikuwa mwalimu wa UPE.

Nililazimika kuweka kalamu chini. Mnyororo wote ulikuwa mbele yangu: kijana wa darasa la saba aliyepewa chaki miaka ya sabini, binti wa kidato cha sita aliyepewa chaki mwaka 2006, na mhitimu wa chuo kikuu mwenye cheti cha kung'aa. Wawili wa kwanza taifa liliwapa majina ya kejeli. Wa tatu anajifunza kwao.

Sisemi kwamba mafunzo mafupi yalikuwa mazuri. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionyesha kwamba karibu watahiniwa sita katika kila kumi walipata sifuri. Serikali iliunda tume, na matokeo yakapangwa upya. Katika magazeti na vijiwe lawama ziliangukia shule za kata na walimu wake. Wapo watoto waliopoteza nafasi ambayo hawataipata tena, na hakuna hadithi nzuri ya ofisini itakayowarudishia. Ninachosema ni kwamba mara mbili nchi hii ilifungua madarasa kabla ya kuandaa walimu, na mara zote mbili kazi iliyobaki ilifanywa na walimu wenyewe, bila malipo, wakati wa chai.

Kwa nini basi kazi hiyo haionekani katika kumbukumbu? Sababu moja ni kwamba tangu enzi za Mwingereza mtu mzima aliyekaa nyuma ya darasa kumtazama mwalimu alikuwa mkaguzi. Faili za elimu zimejaa ripoti za ukaguzi: andalio la somo lipo au halipo, azimio la kazi limejazwa au halijajazwa. Siku hizi wakaguzi wanaitwa wathibiti ubora wa shule, na wengi wao ni watu wa msaada, lakini woga ni mkubwa kuliko jina. Walimu wengi niliozungumza nao walisema hawapendi mwenzao aingie darasani kwao. Wanapenda kusimuliana baadaye. Ndiyo maana ubingwa wetu umeishi katika masimulizi, mezani, mbali na karatasi. Karatasi ilikuwa ya mkaguzi.

Majirani zetu wa Kenya walijaribu njia nyingine. Mwaka 1998, kwa ushirikiano na Japani, walianzisha SMASSE, mradi wa kuwaimarisha walimu wa Hisabati na Sayansi wa sekondari. Ulianzia wilaya chache, kisha ukaenea nchi nzima. Walimu walikutanishwa wakati wa likizo, wakapanga somo pamoja, wakatengeneza zana kwa vitu vya kawaida kama chupa na vifuniko, kisha mmoja akafundisha na wengine wakatazama. Kazi hiyo kwa Wajapani ni desturi ya siku nyingi: anayetazamwa ni somo, na mwalimu haulizwi kwa nini amekosea, wote huulizana somo lilimpoteza mtoto wapi. Kenya nako palikuwa na manung'uniko ya posho na ya likizo kuliwa. Lakini fundisho lilibaki: walimu hushirikiana vizuri zaidi wanapopewa muda na wanapoondolewa hofu.

Sisi sasa tuna MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yanayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Kila shule inatakiwa iwe na Jumuiya ya Kujifunza, yaani walimu wakutane kwa ratiba, waeleze changamoto ya darasani, watafute jibu, wakalijaribu, warudi na majibu. Nilipousoma mwongozo nilitabasamu. Serikali imekipa jina, ratiba na mratibu kitu ambacho ofisi ya walimu imekuwa ikikifanya tangu mwaka 1976. Ni jambo jema, tena limechelewa.

Wasiwasi wangu ni mdogo lakini ni wa mwanahistoria. Katika shule mojawapo niliyotembelea nilionyeshwa faili la vikao hivyo. Lilikuwa na tarehe, orodha ya waliohudhuria, saini na picha za watu wamekaa kwenye duara. Mada iliandikwa "Namba". Basi. Mwalimu aliyewasilisha alieleza nini? Mtoto hukwama wapi? Mfano gani ulifanya kazi, na upi ulishindwa? Faili halikusema. Mkaguzi akija atalikuta limekamilika. Mwalimu mgeni akija hatakuta kitu.

Na wenye kujua wanaondoka. Kijana aliyekuwa na miaka 17 mwaka 1976 alifikisha miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima, mwaka 2019. Kizazi chote cha UPE kimetoka madarasani karibu wakati uleule ambao nchi ilianza kupanga namna ya walimu kujifunza kwa wenzao. Baadhi yao wanauza duka, wanafuga kuku, wanalea wajukuu huku huku Chanika. Hakuna aliyewahi kuwagongea mlango kuwauliza mtoto wa darasa la sita hukwama wapi.

Ningesema hiyo ni hasara ya zamani, tumalize tuendelee, lakini hesabu ya Musoma inarudi mara ya tatu. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umeleta somo jipya la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Walimu wa Historia wa sekondari walisomeshwa somo lao kwa Kiingereza, kuanzia kidato cha kwanza hadi chuo kikuu. Sasa wanatafuta maneno. Mmoja aliniambia kwamba anaijua Vita ya Maji Maji kuliko jina la babu yake, ila anapoieleza kwa Kiswahili anajisikia kama anasimulia hadithi na hafundishi. Mwenzake wa Kiswahili aliyekaa jirani alimjibu hapo hapo: "Basi simulia. Halafu waulize kwa nini ilitokea. Swali ndilo linaifanya kuwa somo."

Neno hilo nililiandika kwenye daftari langu, na tarehe. Nilimwambia mratibu wa jumuiya yao kwamba kaunta buku moja mezani ingetosha, mistari minne kwa kila kikao: somo gani, mtoto alikwama wapi, tulijaribu nini, kulitokea nini. Isiwe ya kupelekwa wilayani, wala isisainiwe na mtu. Ikae pale kwenye meza karibu na chaki, mgeni akija afungue.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Shuleni naona wanapona wote wawili, mradi wakutane kabla mmoja hajastaafu.