Timu ya taifa ya wavu ikijengwa upya: kijana wa Kengeja anaingilia wapi?

Kila inaposemwa kuwa timu ya taifa ya wanaume ya mpira wa wavu inajengwa upya kwa vijana, swali la kwanza huwa ni hili: vijana hao wanatoka wapi? Kwa wasikilizaji wetu wa Kengeja na vijiji vya jirani katika Wilaya ya Mkoani, lipo swali la pili lililo zito zaidi. Mtoto wetu anayecheza kila jioni kwenye kiwanja cha mchanga, naye anaweza kufika huko? Katika makala haya tunaeleza timu ya namna hiyo hujengwaje, kwa nini huanza kwa kufungwa, na njia ya kijana wa Pemba hukatikia wapi.

Kujenga upya maana yake nini

Wachezaji waliozoeana miaka mingi wanapozeeka au kustaafu kwa pamoja, kocha ana njia mbili. Anaweza kuwabakisha wakongwe ili apate ushindi wa leo, au anaita vijana na kukubali kupoteza mechi kwa muda. Katika wavu wa wanaume, wachezaji wengi hufikia ubora wao baada ya miaka 24 au zaidi. Kijana anayeitwa akiwa na miaka 19 anahitaji basi miaka mitano hivi ya kambi, safari na mechi ngumu kabla hajakomaa. Kumwita mara moja, akafungwa, kisha akaachwa si kujenga. Ni kubahatisha.

Kwa nini kanda yetu ni ngumu

Mashindano ya Afrika ya wanaume yalianza mwaka 1967. Tangu hapo bingwa ametoka Tunisia, Misri, Algeria au Kameruni tu. Yalipofanyika Kigali, Rwanda, mwaka 2021, Tunisia ilitwaa kombe. Mwaka 2023 yalifanyika Cairo, na Misri ikashinda nyumbani. Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania bado hazijalibeba kombe hilo kwa upande wa wanaume. Tena Misri imo ndani ya Kanda ya Tano, kanda ileile ya Tanzania na jirani zake, kwa hiyo mlima unaanzia mlangoni kwetu.

Hata hivyo, Afrika Mashariki si mahali pasipozaa wachezaji. Wanawake wa Kenya, Malkia Strikers, walishiriki Olimpiki za Sydney 2000, Athens 2004, Tokyo na Paris 2024, na mwaka 2023 walitwaa ubingwa wa Afrika nchini Kameruni. Wanaume wa Kenya hawajawahi kufika Olimpiki. Nchi ni moja, lakini timu ya wanawake imekuwa na mnyororo wa wachezaji, kutoka skuli hadi klabu hadi taifa, usiokatika kwa urahisi.

Kwa nini kijana achelewe kukomaa

Kiwanja cha wavu kina urefu wa mita 18 na upana wa mita 9. Wavu wa wanaume husimama mita 2.43 kutoka chini. Timu ina watu sita uwanjani, na kila inapopata haki ya kuanzisha mpira kutoka kwa wapinzani, wote huhama nafasi moja kufuata mwendo wa saa. Mrefu anayepiga mbele leo, baada ya mizunguko michache atajikuta nyuma akipokea. Asiyejua kupokea atalengwa yeye kila mpira.

Nafasi inayochelewa zaidi ni ya mpangaji, ambaye wengi humwita seta. Yeye hugusa mpira karibu kila shambulizi na huamua nani apige, wapi na kwa kasi gani. Lazima ajue kila mwenzake anaruka juu kiasi gani. Hilo halifundishwi kwa wiki mbili za kambi. Ndiyo maana timu changa huweza kuwa na warukaji wazuri na bado ikafungwa seti tatu bila.

Wafupi nao wana nafasi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 ipo nafasi ya libero, mchezaji wa nyuma anayevaa jezi ya rangi tofauti. Kazi yake ni kupokea na kuokoa mipira. Kwake wepesi wa miguu na macho ni muhimu kuliko urefu.

Njia hukatikia wapi

Kijana huanzia skuli. Yapo mashindano ya skuli, ya wilaya na ya mkoa, na juu yake UMISSETA kwa sekondari, ambayo wavu ni mmojawapo wa michezo yake. Hapo kijana huonekana. Lakini anapomaliza kidato cha nne, jezi inarudishwa kabatini, naye huenda baharini, shambani kwenye karafuu, au huvuka kwenda Unguja na Dar es Salaam kutafuta riziki.

Klabu kubwa za ukanda wetu nyingi ni za taasisi zinazoajiri. Kenya kuna GSU, Magereza na Mamlaka ya Bandari. Tanzania nako majeshi na vikosi ndivyo vyenye mizizi katika mchezo huu. Mchezaji huko ana mshahara na muda wa mazoezi. Aliye nje ya taasisi hizo hujifua jioni akiwa amechoka na kazi ya mchana. Kwa hiyo miaka miwili au mitatu baada ya skuli ndiyo inayoamua kama kipaji kitaishi. Timu ya kijiji yenye ratiba ya kudumu, hata bila fedha nyingi, humweka kijana mchezoni mpaka nafasi itokee. Akifika juu, jezi atakayovaa kimataifa ni ya Tanzania.

Kuanzia hapa nyumbani

Kiwanja hakihitaji saruji. Mchanga au udongo laini uliosafishwa mawe na vifuu unafaa, na magoti hayaumii. Miti miwili imara na wavu wa kuvulia uliokazwa kamba juu vinatosha kwa kuanzia. Kwa watoto, shusheni wavu, kwani mtoto akilazimishwa urefu wa watu wazima hujifunza kurusha mpira ovyo. Kila mtoto apitie nafasi zote, na wawili au watatu wazoezwe kupanga mpira tangu mapema.

Mkisikia matokeo redioni

Msiishie kwenye "tumefungwa 3-0". Sikilizeni pointi za kila seti. Seti huchezwa hadi pointi 25, ya tano hadi 15, na mshindi lazima azidi kwa pointi mbili. Timu iliyofungwa 25-12 mwaka huu, kisha mwakani ikafungwa 25-21 na timu ileile, imepiga hatua ingawa ubao bado unasema sifuri. Sikilizeni pia majina. Yakiwa yaleyale ya mwaka jana, timu inajengwa. Yakiwa mapya yote, imeanza tena sifuri.

Wazee wa Pemba wanajua kwamba mkarafuu hauchumwi mwaka uliopandwa. Timu ya vijana nayo ni hivyo, na miche yake huoteshwa kwenye viwanja kama vya Kengeja. Ikiwa kijana wenu amemaliza skuli na mguu wake bado uko kiwanjani, mwacheni aendelee, na mpeni saa zake mbili za jioni.