Wanafunzi walioichora Dar es Salaam

Mwanzoni mwa 2011, mtu aliyefungua ramani ya Dar es Salaam kwenye intaneti aliikuta Kariakoo imekaa sawasawa, mtaa kwa mtaa. Akisogea hadi Tandale, aliona barabara kubwa chache, na katikati yake patupu. Kata yenye wakazi zaidi ya 50,000 ilikuwa kama haipo.

Mwaka huohuo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia Tandale na vipokezi vya GPS mkononi. Walitembea na wakazi uchochoro kwa uchochoro, wakiandika kilipo kisima, choo cha umma, duka la dawa, mtaro na jalala. Kazi hiyo iliungwa mkono na Benki ya Dunia pamoja na GroundTruth Initiative, taasisi iliyozaliwa na mradi wa kuchora Kibera, Nairobi, ulioanza 2009. Hakuna aliyeiita klabu. Lakini klabu za ramani zilizopo leo katika vyuo vikuu vya Tanzania zinafanya kazi kwa mtindo uleule: mwanafunzi anakuja na utaalamu, mwenyeji anakuja na anachokijua, na ramani inakuwa ya wote.

Picha ilipokuwa mali ya wenye fedha

Taaluma yenyewe ni ya zamani. Chuo Kikuu Ardhi kilianza mwaka 1956 kama shule ya kufundisha mafundi wapima ardhi, eneo la Mgulani, kabla ya kuhamia mwaka 1958 mahali kilipo sasa. Mwaka 1972 Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat, na miaka mitatu baadaye kituo cha kikanda cha upimaji, ramani na picha za setilaiti kikaanzishwa Nairobi chini ya Kamisheni ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika. Elimu ya kusoma dunia kutoka angani ilikuwa imefika Afrika Mashariki.

Tatizo lilikuwa bei. Kabla ya 2008, picha moja ya Landsat 7 iliuzwa dola 600, na programu za kuichambua zilihitaji leseni ambazo chuo kilizinunua kwa kujibana. Mwanafunzi aligusa picha halisi kwenye zoezi la darasani, mara nyingi ya nchi nyingine na ya miaka iliyopita. Katika hali hiyo wanafunzi waliweza kuunda chama cha kitaaluma cha kualika wageni na kufanya ziara. Chama cha kutengeneza ramani kilikuwa ndoto.

Mambo manne yaliibadili hali hiyo. Mwaka 2002 ilianza QGIS, programu ya ramani isiyolipiwa. Mwaka 2004 Mwingereza Steve Coast alianzisha OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Mwaka 2008 Marekani ilifungua hazina ya picha za Landsat bila malipo. Kisha mwaka 2010 Microsoft iliruhusu picha zake za Bing zitumike kuchorea OpenStreetMap. Hilo la mwisho lilikuwa kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu pikseli moja ya Landsat ina upana wa mita 30, na ndani ya mita 30 za Tandale zinaenea nyumba kadhaa. Kwenye picha za Bing, bati la kila nyumba linaonekana.

Mwaka huohuo wa 2010 tetemeko la Januari liliiangusha Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti. Watu waliokuwa maelfu ya kilomita mbali waliichora mitaa yake kwa siku chache, na waokoaji wakaitumia. Kuanzia hapo haikuwa tena vigumu kumweleza mkuu wa idara kwa nini wanafunzi wanakaa maabara hadi usiku wakichora mapaa.

Maji ya Desemba

Dar es Salaam ilipata somo lake Desemba 2011. Mvua kubwa ililijaza bonde la Msimbazi, watu wasiopungua 40 wakafa, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mafuriko yakawa yanarudi. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ukiwa na Benki ya Dunia, Tume ya Sayansi na Teknolojia, Chama cha Msalaba Mwekundu na Timu ya Kibinadamu ya OpenStreetMap, na nguvukazi yake ikatoka Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wengi walikuwa wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo, yaani fildi.

Kazi ilianzia ofisi ya serikali ya mtaa, kwa barua ya utambulisho na salamu kwa mwenyekiti. Hapo tena mwanafunzi hakwenda peke yake. Alipewa mtu wa kumwongoza, na mara nyingi aliyefaa zaidi alikuwa mjumbe wa shina. Mjumbe ni kiongozi wa chama cha siasa, si mtumishi wa serikali, lakini ndiye anayejua nyumba yake ya mwisho ni ipi na ya mwenzake inaanzia wapi. Mipaka ya mashina haikuwa kwenye picha yoyote ya setilaiti. Ilikuwa kichwani mwa wajumbe, na wanafunzi waliipata kwa kutembea nao na kuiweka kwenye simu hatua kwa hatua.

Na maji vilevile. Mkazi wa Jangwani, katika bonde la Msimbazi, akiulizwa mafuriko yalifika wapi, hataji sentimita. Anainama na kugusa goti, au anaweka kiganja kiunoni, au anaonyesha doa la tope ukutani. Mwanafunzi anapima, anaandika, anasonga nyumba inayofuata. Vipimo hivyo vikikusanywa mtaa mzima, mhandisi anapata ramani ya kina cha mafuriko ambayo picha ya kawaida ya setilaiti isingempa, kwa kuwa siku ya mvua kubwa anga limefungwa na mawingu.

Klabu zapata jina

Mwishoni mwa 2015 vyuo vikuu vitatu vya Marekani, Texas Tech, George Washington na West Virginia, vilianzisha mtandao wa YouthMappers kwa msaada wa USAID. Wazo lilikuwa rahisi: kila chuo kiwe na klabu yake, yenye viongozi wake wanafunzi na mwalimu mlezi, na klabu hizo zichore kwa pamoja. Leo zimefika mamia, katika nchi zaidi ya 60. Tanzania, ambako kazi ilikuwa imekwisha kuanza, ilizipokea mapema, na miongoni mwa vyuo vilivyounda klabu ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine.

Zanzibar ilikwenda kwa njia ya droni. Kuanzia 2016 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walifundishwa kurusha ndege zisizo na rubani na kushiriki kupiga picha visiwa vyote, kazi iliyoongozwa na Kamisheni ya Ardhi. Agosti 2018 mkutano wa dunia wa programu huria za ramani, FOSS4G, ulifanyika Dar es Salaam, ukiwa wa pili barani Afrika baada ya ule wa Cape Town wa 2008. Vijana waliokuwa wakiongozwa na wajumbe vichochoroni sasa walikuwa wenyeji wa wataalamu wa dunia nzima. Baadhi yao walianzisha taasisi yao, OpenMap Development Tanzania.

Ramani inazeeka

Udhaifu wa klabu unajulikana kwa kila aliyewahi kuiongoza. Mwenyekiti anaichukua akiwa mwaka wa pili, mwaka wa tatu ana mradi wa kuhitimu, kisha anaondoka na nywila za akaunti pamoja na namba za simu za watendaji wa kata. Fedha nazo zilitegemea sana wafadhili, na USAID ilifungwa rasmi Julai 2025.

Wakati huohuo Dar es Salaam haisubiri. Sensa ya 2012 iliikuta na watu milioni 4.36, ya 2022 ikawakuta milioni 5.38. Ramani iliyochorwa 2015 haina nyumba za wengi wa milioni hiyo iliyoongezeka, wala mitaro iliyozibwa na kuta mpya.

Njia ya kuirekebisha imeshajaribiwa. Resilience Academy, ushirikiano wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Ardhi, Sokoine na Zanzibar pamoja na Turku cha Finland, iliifanya kazi ya kukusanya takwimu za miji kuwa sehemu ya fildi ya mwanafunzi, yenye usimamizi na alama. Kazi inayotolewa alama hurudi kila mwaka, awe mwenyekiti wa klabu amehitimu au la. Kilichobaki ni halmashauri kuipokea: kuwagawia wanafunzi kata za kuhuisha kila msimu wa fildi, na kuitumia ramani wanayoleta kabla ya kutoa kibali cha ujenzi bondeni. Fedha inayohitajika ni nauli, vocha za intaneti na posho ya chakula. Wajumbe wapo, na kila Julai darasa jipya hutafuta mahali pa kufanyia mafunzo.