Mkuu wa Polisi Aliyesaka Lahani za Ireland

Kuanzia 1901 hadi 1905, polisi wa jiji la Chicago, Marekani, walikuwa chini ya mkuu aliyekuwa na upelelezi wake wa pembeni. Francis O'Neill, mzaliwa wa Tralibane katika kaunti ya Cork, kusini mwa Ireland, alikuwa akisaka lahani: vipande vya muziki wa kuchezea ambavyo wahamiaji wenzake walikuja navyo kichwani, bila karatasi.

O'Neill aliondoka kwao 1865 akiwa na miaka 16. Akawa baharia, akanusurika meli yao ilipovunjika katika Pasifiki, na 1873 akajiunga na polisi wa Chicago. Muda si mrefu jambazi akampiga risasi, na risasi hiyo ikabaki karibu na uti wa mgongo wake maisha yote. Alipuliza filimbi vizuri, na alikumbuka lahani nyingi alizozisikia utotoni, baadhi kutoka kwa mama yake. Tatizo lake lilikuwa moja tu: hakujua kuandika nota.

Aliyejua ni James O'Neill, mpiga fidla kutoka kaskazini mwa Ireland, ambaye naye aliingia polisi na kufikia cheo cha sajini. Majina yalifanana, lakini hawakuwa ndugu. Francis alipuliza au kuimba lahani, James akaiandika, kisha akaipiga kwa fidla ili mwenzake aseme kama ndiyo yenyewe. Baada ya kumaliza alizokuwa nazo Francis, wakawageukia wenzao wa Chicago: wapiga fidla, wapuliza filimbi, na wapigaji wa zumari ya Kiireland, ile ambayo hewa yake hutoka kwenye kiriba kinachobanwa kwa kiwiko.

Kwa macho, lahani hizi ni nyepesi. Nyingi zina sehemu mbili zenye bari nane kila moja. Kila sehemu hurudiwa, kisha mpigaji anaanza upya. Mwanakwaya aliyezoea kusoma nota kanisani angeipitia moja kwa dakika chache. Ugumu uko katika kuipata, kwa sababu kwa karne nyingi wenyewe waliirithishana kwa sikio, na aliyekufa bila mwanafunzi alikwenda nayo kaburini.

Kabla ya Chicago

Hofu ya lahani kupotea hivyo ilikuwepo zamani. Julai 1792 wapenzi wa muziki mjini Belfast waliwaita wapiga vinubi waliosalia nchini waje kushindana. Walijitokeza 10 tu wa Ireland, wengi wao vipofu. Mmoja, Denis Hempson, alikuwa ameshapita miaka 90 na bado alizipiga nyuzi kwa kucha, mtindo ambao wenzake walikuwa wameuacha. Kijana wa miaka 19, Edward Bunting, alipewa kazi ya kuandika walichokipiga. Kazi ya siku chache ikawa ya maisha: alizunguka vijijini na kuchapisha vitabu vitatu, cha mwisho 1840. Hata hivyo, aliwapangia lahani hizo wapiga piano wa mjini, na alipofanya hivyo alibadilisha mengi aliyoyasikia.

Miaka mitano baadaye ikaja Njaa Kuu. Viazi vilioza mashambani, watu wapatao milioni moja wakafa na idadi kama hiyo wakahama. Vijiji vilivyokuwa na wapigaji vikanyamaza. George Petrie, mchoraji na mtafiti wa mambo ya kale, alichapisha kitabu chake 1855 katika kivuli cha msiba huo. Lahani nyingi alizokusanya zilibaki katika maandishi ya mkono hadi 1902, mtunzi Charles Villiers Stanford alipoanza kuzichapisha; zilizidi 1,500.

Kwa hiyo, akina O'Neill walipotoa kitabu chao 1903, chenye lahani 1,850, hawakuwa wa kwanza. Tofauti yao ni kwamba walikuwa wapigaji wakiandika kwa ajili ya wapigaji. Mwaka 1907 wakatoa kingine cha lahani 1,001, za kuchezea pekee, zikiwa zimepangwa kwa aina: jig, reel, hornpipe na nyinginezo. Hicho ndicho kilichoingia mikononi mwa watu. Mpigaji wa Ireland akawa anajifunza muziki wa kwao kutoka kitabu kilichochapishwa Chicago.

Jina haliaminiki

Hata baada ya vitabu hivyo, msakaji wa nota hukwama kwanza kwenye jina. Wapigaji wengi wanaijua lahani vizuri lakini hawajui inaitwaje. Wengine huita kwa jina la aliyewafundisha. Mkusanyaji asipopata jina lolote huandika Gan Ainm, yaani haina jina. Lahani moja pia husafiri na kubadilishiwa jina njiani: "Miss McLeod's Reel", inayopigwa Ireland yote, ilichapwa Uskoti mwanzoni mwa karne ya 19, na Marekani wapiga fidla wengi wanaijua kama "Hop High Ladies". Ukiitafuta kwa jina moja, unapitwa na nusu ya habari zake.

Aliyelitatua tatizo hili kwa utaratibu ni Breandán Breathnach, mtumishi wa serikali na mpiga zumari wa Dublin. Alipokuwa akiandaa mkusanyiko wake *Ceol Rince na hÉireann*, ambao juzuu lake la kwanza lilitoka 1963, alijitengenezea kadi. Kwenye kila kadi aligeuza nota za mwanzo zenye mkazo kuwa tarakimu. Hapo lahani mbili zenye majina tofauti zikipata tarakimu zilezile, anajua amekutana na mtu mmoja mwenye vitambulisho viwili. Breathnach alifariki 1985. Miaka miwili baadaye ikaanzishwa mjini Dublin Hifadhi ya Muziki wa Jadi wa Ireland, inayopokea leo maombi ya watafutaji kutoka kila pembe.

Si nota zote zilizomo humo zinasomeka kwa mazoea ya shuleni. Padraig O'Keeffe, aliyeacha ualimu 1920 na kuzunguka mpakani mwa Kerry na Cork akifundisha fidla nyumba kwa nyumba hadi kifo chake 1963, alikuwa na mfumo wake. Nafasi nne kati ya mistari mitano zilisimama kwa nyuzi nne za fidla. Ndani yake aliandika namba za vidole, na sifuri ikawa uzi usioshikwa. Mkulima asiyejua nota hata moja aliondoka na karatasi anayoweza kuipiga.

Wazo hilo la kurahisisha lilirudi kwa njia nyingine miaka ya 1990, Chris Walshaw wa Uingereza alipoeneza maandishi yaitwayo ABC. Nota huandikwa kwa herufi za kawaida, kubwa kwa sauti za chini na ndogo kwa za juu, hivyo lahani nzima inaingia katika ujumbe mfupi wa simu. Maelfu yameandikwa hivyo, zikiwemo za O'Neill.

Kwa hali hiyo kazi imegeuka. Zamani mtu alihangaika kupata nakala moja. Sasa anapata kumi, na hakuna mbili zinazolingana. Na zote zimeacha mambo yaleyale nje: vikorombwezo vya vidole, pumzi, na mwendo unaomfanya mchezaji ainuke kitini. Kuchagua kati yake kunamrudisha msakaji kwa mpigaji mwenyewe, akiwa hai au katika sauti iliyorekodiwa. Asiyewahi kuisikia lahani hana cha kumwambia ni karatasi ipi inayosema kweli.