Kiangazi cha Kibirizi na Mchanga Uliotusomesha



Katika ukurasa wa historia ya kwetu, mwaka huu tumechagua kuzungumzia kiangazi, ile miezi ya Mei hadi Septemba ambayo mvua hukatika. Wageni wanakijua kiangazi cha Kigoma kwa mandhari yake. Sisi tuliolelewa ufukweni tunakijua kwa dagaa.

Mandhari yenyewe haina ubishi. Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kinafika mita 1,470. Duniani kote ni Ziwa Baikal la Urusi tu linalolizidi kwa kina. Kiangazi kikikolea, majani ya vilimani hukauka, moshi na vumbi hutanda, na milima ya Kongo ng'ambo hupotea machoni hata mgeni adhani anatazama bahari. Mvua za kwanza zikinyesha anga husafika, na asubuhi moja milima ile huonekana tena.

Usiku wa giza ziwa huwa kama mji kwa wingi wa taa za vipe. Uvuvi wa taa kwetu ni wa zamani sana. Wazee walikuwa wakiwasha moto wa kuni au manyasi kwenye mtumbwi, dagaa wakaufuata mwanga, nao wakawachota kwa lusenga. Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858, walikuta mji wa biashara uliokwisha kuzoea wageni. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, dagaa mkavu, ambaye ni mwepesi na haozi upesi, alipata njia ya kwenda mbali. Baadaye karabai zikachukua nafasi ya moto wa kuni, na sasa taa za betri na sola zinachukua nafasi ya karabai.

Lakini taa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni ya mama zetu. Alfajiri vipe vinaporudi, wao huwa wamekwisha kufika na mabeseni. Hununua, hubeba, humwaga na kutandaza, kisha kutwa nzima hugeuza dagaa na kufukuza kunguru. Hapatumiki chumvi wala kuni. Jua la kiangazi likiwa kali, dagaa walioanikwa asubuhi huzolewa jioni. Masika mambo hugeuka: mzigo hulowa, hunuka, na mtaji wa wiki huenda kwa siku moja. Wengi wetu tunaofanya kazi mijini leo, ada zetu za shule zilianikwa pale.

Kwa sisi tunaoshughulika na mahesabu, mchanga ule ni mali isiyowahi kuandikwa katika daftari lolote. Haukuwa na hati wala bima, na haukuonekana kuchakaa. Kwa hiyo hakuna aliyeweka akiba ya siku utakapopungua.

Siku hiyo imefika. Tangu mwaka 2020 maji ya ziwa yamepanda na kumeza sehemu kubwa za fukwe za Kigoma. Waanikaji wanabanana kwenye eneo lililobaki.

Kisha mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolimiliki ziwa, Tanzania ilisitisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Hatupingi hatua hiyo. Ziwa lisipopumzika, wajukuu wetu watasimuliwa habari za dagaa bila kuwaona. Ila tuhesabu pamoja. Mwaka huo miezi mitatu ya jua bora kuliko yote ndiyo iliyokosa dagaa wa kuanika. Kutoka 15 Agosti hadi mwisho wa Septemba ni siku 47. Toa siku za mbalamwezi, ambapo dagaa hawafuati taa na vipe hulala. Zinabaki kama wiki tano za jua la uhakika kabla ya mvua. Mama aliyekuwa akitegemea kiangazi kizima mwaka huo alitegemea wiki tano, na miezi mingine akaanika huku akitazama mawingu.

Ndiyo sababu mchango wa mwaka huu tumeuelekeza kwenye chanja za kukaushia. Chanja huinua dagaa kutoka chini, hewa ikapita pande zote, wakakauka haraka na bila mchanga. Mvua ikitisha, hufunikwa kwa turubai. Tena inaweza kujengwa juu zaidi, mbali na maji yanayopanda. Dagaa safi huuzika kwa bei nzuri, iwe kwa mnunuzi wa Kigoma mjini au wa Dar es Salaam.

Hatuombi sadaka kwa ajili ya watu wasiojiweza. Mama hawa walitulipia ada kabla hatujajua hesabu ya kujumlisha. Mchango wako utanunua mbao, nyavu na maturubai, na mapato na matumizi yatasomwa kwenye mkutano mkuu, stakabadhi kwa stakabadhi. Tukichanga mapema, chanja za kwanza zitasimama mapema.