Kuskani slaidi ya kinyama: kioo kinabaki, picha ndiyo inasafiri

Ukisikia daktari kasema "tumekata kinyama kikapimwe", ujue kinachofuata ni kusubiri. Kwa sisi wa Endasak, kinyama kikipelekwa KCMC Moshi, hiyo ni safari ya zaidi ya kilometa 250 kupitia Babati na Arusha. Kama ni kansa, yenyewe haisubiri. Leo nawaletea mashine ya kuskani slaidi.

Slaidi ni nini? Kinyama kinalowekwa kwenye formalini kisioze, kinazungushiwa nta, halafu kinakatwa vipande vyembamba vya mikroni 3 hadi 5. Mikroni 1,000 ndiyo milimita 1, sasa piga hesabu mwenyewe! Kipande kinawekwa juu ya kioo na kutiwa rangi: viini vya seli vinakuwa bluu-zambarau, sehemu nyingine pinki. Hapo mtaalamu wa patholojia anaangalia kwa hadubini.

Skana inafanya nini? Inapiga picha ndogo ndogo za kioo chote na kuziunganisha. Kwa lenzi ya mara 40, pikseli moja ni kama mikroni 0.25. Eneo la milimita 15 kwa 15 linatoa pikseli 60,000 kwa 60,000, yaani bilioni 3.6. Hata likibanwa, faili linaweza kufika GB 1. Kwa spidi ya megabiti 1 kwa sekunde, kulipandisha ni zaidi ya saa 2. Ila anayeangalia ana nafuu: ni kama ramani za Google, kinashuka kile kipande anachokitazama tu, hata akiwa nchi nyingine.

Sio ndoto hii. Marekani iliruhusu mfumo wa Philips utumike kutoa majibu ya wagonjwa mwaka 2017. Hapa jirani, hospitali ya Kinondo Kwetu, Kwale, Kenya, kati ya 2018 na 2019 walichukua seli za mlango wa kizazi za wanawake 740 wanaoishi na VVU. Slaidi ziliskaniwa palepale, picha zikatumwa kwa mtandao wa simu, na kompyuta iliyofundishwa ikatafuta seli zisizo za kawaida. Matokeo yalitangazwa 2021.

Lakini wadau, tusidanganyane. Skana haimfuti mtaalamu, na haiokoi kinyama kilichoharibika. Kikiwekwa kwenye maji matupu au kikaachwa kikakauka, picha itakuwa mbovu hata mashine iwe ya bei gani. Formalini inatakiwa iwe angalau mara 10 ya ujazo wa kinyama, na ifanyike mapema.

Kwa hiyo ndugu yako akikatwa kinyama, uliza mambo matatu: kimewekwa kwenye formalini? Kopo lina jina lake? Majibu tufuate lini na wapi? Kuuliza si utovu wa adabu, ni haki ya mgonjwa.

Naomba kuwasilisha.